Kiti Kilichorudi Nyuma

Mwanamke aliyeingia gerejini asubuhi ile hakusema gari lake lina ubaya gani. Aliuliza kama kuna namna ya kujua nani amekaa kwenye kiti cha dereva.

Otilia aliacha kufuta mikono. "Amekaa lini?"

"Usiku. Au jioni, sijui. Ninachotaka kujua ni nani."

Gereji ya Otilia iko North York, nyuma ya duka la matairi, na wateja wake wengi ni watu wa Afrika Mashariki wanaoelekezana kwake kwa sababu huwaeleza ubaya wa gari kwa lugha wanayoielewa. Alizaliwa Songea, akasomea umeme wa magari Dar es Salaam, na alipofika Canada akafanya mitihani yote upya. Ameshaletewa magari yanayopiga honi yenyewe na magari yanayogoma kuwaka siku za mvua tu. Swali kama hili hakuwahi kuulizwa.

"Gari halijui nani amelikalia, dada," alisema. "Keti kwanza, unieleze kilichotokea."

Mwanamke yule alijitaja kwa jina la Khatoon. Alikuwa mfupi, amevaa koti refu na hijabu ya kijivu, na alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Aliishi Richmond Hill na baba yake, Mzee Mohamedjaffer, mjane aliyepita miaka sabini. Kabla ya baridi kuanza, daktari alimkataza mzee kuendesha gari kwa sababu ya usahaulifu. Alikuwa ametoka msikitini akapotea, akapiga simu kutoka kwenye maegesho ya duka katika mji mwingine kabisa. Leseni ikachukuliwa. Mzee hakubisha.

"Tangu theluji ianze," Khatoon alisema, "nikitoka asubuhi kwenda kazini nakuta kiti cha dereva kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Si kila siku, lakini mara nyingi. Baba ni mrefu sana, na mimi unaniona. Kiti kikiwa hivyo miguu yangu haifiki kwenye breki. Namuuliza, anasema hajagusa gari."

"Kilomita zinaongezeka?"

"Haziongezeki, nimeangalia. Kaka yangu Haider, yuko Calgary, anasema basi Baba anakaa tu mle ndani, na siku moja ataliwasha. Ufunguo wa akiba umepotea tangu mwaka jana, Baba anasema hajui ulipo. Kamera ya mlangoni inaona ngazi tu. Inamwonyesha anatoka jioni, kisha anarudi. Anasema anakwenda kuangalia theluji."

"Na gari hulifungi?"

"Nafunga." Alifikiri kidogo. "Nadhani nafunga. Sasa hivi sina uhakika na chochote."

Ndipo akasema lililomleta. Haider alikuwa ametafuta nafasi kwenye makao ya wazee, upande wenye mlango unaofunguliwa kwa namba ili wakazi wasitoke ovyo. Nafasi ilikuwa imepatikana na jibu lilitakiwa kabla mwezi haujaisha. Khatoon alikataa tangu mwanzo. Lakini wiki iliyopita alimfokea baba yake jikoni, akamwita mwongo, na baada ya hapo akaanza kuona labda Haider ndiye mwenye haki.

"Nataka kujua kabla sijajibu," alisema. "Kama ni gari, niambie ni gari. Na kama si gari, niambie pia."

Viti vya umeme havikumtisha Otilia. Kiti kina mota zake chini, kina swichi ubavuni, na katikati ipo kompyuta ndogo inayopokea amri kutoka kwenye swichi na kuituma kwenye mota. Umeme wake haukatiki hata gari likizimwa, ndiyo maana mtu anaweza kufungua mlango na kukisogeza bila kuwasha chochote. Kiti kikitembea chenyewe, basi mahali fulani kuna kitu kinachojifanya kidole. Kazi ni kukitafuta.

Alibonyeza swichi mbele na nyuma, juu na chini. Kiti kilitii. Alichomeka mashine ya kusomea kompyuta za magari, ikamwonyesha kosa moja la zamani, betri kuishiwa nguvu, jambo la kawaida msimu wa baridi. Alilala chali kwenye kizingiti cha mlango, tochi mdomoni, akafuata waya mmoja baada ya mwingine chini ya kiti. Hakuna uliochubuka. Soketi kubwa inayounganisha kiti na gari ilikuwa imekaza, kifuniko chake kimejifunga vizuri. Alikitingisha kiti, akakikalia, akajirusha juu yake kama mtoto kitandani. Hakikufanya lolote.

Akaishuku swichi, kwa kuwa watu humwagia chai swichi zao halafu husahau. Aliifungua akakuta ndani ni safi. Aliipima kwa mita: ukibonyeza inapitisha umeme, ukiachia inakata, kama inavyotakiwa. Hata hivyo aliibadilisha, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kubadilisha, na hilo lilimkera. Fundi akishaanza kubadilisha vitu vizima, anajua mwenyewe kwamba amepotea.

Alichora mstari wa chaki kwenye reli ya kiti, akaliacha gari lilale gerejini. Asubuhi mstari ulikuwa palepale. Akaliacha usiku wa pili. Palepale.

Khatoon alipokuja kulichukua, Otilia alimweleza yote aliyoyafanya, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa yule mwanamke ulivyozidi kufungika.

"Kwa hiyo hakuna kitu," Khatoon alisema.

"Sijaona kitu. Nimeweka swichi mpya. Tuangalie itakuwaje."

"Lakini kwako hakikusogea."

"Kwangu hakikusogea, ni kweli."

Khatoon aliitikia kwa kichwa, akachukua ufunguo wake, akaondoka. Otilia alibaki amesimama mlangoni. Alikwisha kuwaambia watu wengi kwamba hajaona kosa, wengine wakalalamika, wengine wakashukuru. Safari hii aliona maneno yale yamemwangukia mtu ambaye hata hakuwapo, mzee aliyeko nyumbani kwake Richmond Hill, ambaye hakuwahi kumwona.

Siku chache baadaye simu ililia.

"Kimerudi tena nyuma," Khatoon alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuchoka. "Usiku nililala na ufunguo chini ya mto. Nilipoamka, Baba alikuwa sebuleni amekaa, amevaa koti. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi, ndiyo kwanza amerudi."

"Amerudi kutoka wapi?"

"Hakusema. Dada Otilia, mimi nitamwambia Haider akubali ile nafasi."

Kuna kiti kinachotembea Richmond Hill na hakitembei North York. Kama ubaya ungekuwa kwenye mota au kwenye kompyuta, ungejitokeza popote. Na kama ni mzee, basi ni mzee aliyeingia kwenye gari lililofungwa bila ufunguo, akakaa gizani kwenye baridi ile, akatoka na kulifunga tena. Alilipindua jambo hili huku na huku na kila upande lilikataa kukaa sawa.

"Usimjibu leo," alisema mwishowe. "Nipe mpaka Jumamosi. Nataka kuliona gari hapo linapolala."

Jumamosi jua lilitoka. Theluji ilikuwa inayeyuka juu ya mapaa ya mtaa mzima, maji yakidondoka kutoka kila ukingo. Aliyemfungulia mlango ni Mzee Mohamedjaffer mwenyewe. Alikuwa mrefu kweli, amevaa sweta nzito na kofia nyeupe, ndevu zake zimepunguzwa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu ndani. Vua viatu hapa, huko mbele pana maji. Wewe ndiye fundi? Khatoon ameniambia fundi ni mtu wa nyumbani. Wa wapi?"

"Songea."

"Songea mbali. Mimi wa Tanga. Tulikuwa na duka la vipuri vya baiskeli." Alimwongoza mpaka sebuleni, akamwonyesha pa kukaa. Khatoon alikuwa jikoni akitengeneza chai. Mzee alingoja mpaka birika lilipoanza kuvuma, kisha akainama karibu.

"Mwanangu, usijisumbue na lile gari," alisema polepole. "Gari ni zima. Mimi ndiye ninayeliendesha."

Otilia alitupa jicho kuelekea jikoni.

"Nilimkatalia Khatoon kwa kuona aibu. Lakini analia usiku, namsikia, na sasa anakusumbua hata wewe. Nakwenda uwanja wa ndege, Pearson, kupokea wageni. Watu wanafika hawana mwenyeji. Jana nilimpokea bwana mmoja na mkewe, sanduku lao limefungwa kamba, nikawapeleka Dixon, kwenye yale magorofa. Mama wa watu amevaa viatu vya wazi kwenye theluji hii. Nilimhurumia."

"Na ufunguo, mzee?"

"Ninao." Aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akauweka kwenye kiganja cha Otilia kama mtu anayejisalimisha. Ulikuwa ufunguo mdogo wa kabati.

Otilia aliugeuza mara mbili. Kama mzee huyu ameendesha, kwa nini kilomita zimebaki vilevile? Na kama hakuendesha, amejuaje viatu vya yule mama? Uso wake haukuwa wa mtu anayedanganya, wala wa mtu aliyechanganyikiwa. Ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Asante kwa kuniambia," alisema, akamrudishia ufunguo wake. "Kwa kuwa nimeshafika, ngoja nilitazame tu."

Hakumwambia Khatoon habari hii. Hakujua aiite nini.

Nje, aliona jambo moja ambalo kule gerejini asingeweza kuliona. Nyumba ilijengwa juu kidogo ya barabara, na njia ya kuegeshea gari ilipanda kutoka barabarani mpaka mlango wa banda lililojaa maboksi. Gari lilikaa hapo limeinua pua, mkia chini. Sakafu ya gereji yake ni bapa kama meza. Otilia alisimama akiutazama ule mteremko, akijua una maana bila kujua ni maana gani.

"Ukirudi kutoka kazini unafanyaje?" alimuuliza Khatoon.

"Naegesha hapahapa, naingia ndani."

"Basi fanya hivyohivyo. Endesha kidogo, washa hita kama kawaida yako, halafu urudi uegeshe."

Khatoon alizunguka mtaa, akarudi, akaegesha. Otilia alichora chaki yake kwenye reli, akafunga milango, akajaribu kila kitasa kwa mkono wake, na ufunguo akautia mfukoni mwake mwenyewe. Kisha wakangoja. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye paa la nyumba. Mzee alitoka na vikombe vya chai kwenye sinia, akasimama nao kando ya gari, na kwa muda wakawa kama watu watatu wanaongoja basi. Jirani aliyekuwa akikwangua barafu kwenye ngazi zake aliwatazama, akaendelea na kazi yake. Otilia alianza kujiona mjinga.

Chai ilikuwa karibu kwisha waliposikia mvumo mdogo ndani ya gari lililofungwa. Kiti cha dereva kilianza kurudi nyuma. Kilikwenda polepole, kikasita, kikaendelea, kama vile mtu mrefu asiyeonekana anajipatia nafasi ya kunyoosha miguu. Kikafika mwisho, na mota ikanyamaza.

"Bismillahi," Khatoon alisema kwa sauti ya chini.

Mzee alisogea kwenye kioo, akakitazama kiti.

Otilia alifungua mlango. Hakukigusa kiti. Alipiga magoti kwenye theluji iliyolowa, akainua kikanyagio kizito cha mpira kilichotandikwa sakafuni. Juu kilikuwa kikavu, na ndiyo maana hata yeye kule gerejini hakuhangaika nacho. Akaingiza vidole chini ya zulia. Sponji yake ilikuwa imejaa maji, na alipoibonyeza yakapanda baina ya vidole vyake, baridi kama kisu. Akasogeza mkono nyuma mpaka chini ya kiti, akaifungua ile soketi aliyoiona imekaza vizuri. Ndani, pini zake zilikuwa zimeota ukoga wa kijani, na kati yake kulikuwa na maji.

Alikaa chini palepale kwenye kizingiti, mabega yakamshuka. Halafu akaomba kikombe cha maji ya bomba. Alifungua dirisha la kwenye paa la gari, akayamwaga taratibu kwenye mfereji mwembamba unaolizunguka. Badala ya kutokea chini ya gari, maji yaliteremka ndani, kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele, yakaingia chini ya zulia bila sauti.

"Huu mfereji una bomba dogo la kutolea maji, na limeziba," aliwaeleza. "Nadhani ni majani. Theluji ya juu ikiyeyuka, maji yanashuka humu, yanakaa huku mbele kwenye pedali. Ukiegesha mahali pa bapa, yanabaki hukohuko. Ukiegesha hapa, pua ikiwa juu, yanarudi nyuma taratibu mpaka kwenye soketi ya kiti. Umeme unavuka pasipo njia yake, na kompyuta inadhani mtu amebonyeza swichi. Unakuwa umeshaingia ndani, huoni. Asubuhi unakuta kiti kimekwenda."

"Kwa hiyo ni maji," Khatoon alisema.

"Ni maji. Ningeinua zulia siku ya kwanza ningeyaona."

Khatoon alimgeukia baba yake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Baba, si wewe. Umeona? Si wewe."

Mzee alikuwa bado anakitazama kiti. Otilia alitegemea kuona uso wake ukifunguka. Haukufunguka.

"Si mimi," alisema.

"Si wewe, Baba. Ni maji tu."

"Basi wale watu niliwapeleka na nini?"

Kicheko cha Khatoon kilikatika. "Watu gani?"

Mzee alimtazama Otilia kama shahidi wake. Otilia hakuwa na pa kukimbilia. "Aliniambia pale ndani," alisema. "Kwamba ndiye anayeendesha. Anakwenda Pearson kupokea wageni. Jana alipokea mtu na mkewe. Mke alikuwa na viatu vya wazi."

Khatoon aliweka kikombe chake juu ya gari, kikateleza kidogo, akakishika.

"Baba," alisema, "hao ni watu wa zamani. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nimekaa kiti cha nyuma. Ulikuwa unapokea kila anayefika, Mama analalamika hatuli pamoja. Yule mama mwenye viatu vya wazi tulimpa buti za Mama. Mimi ndiye niliyeziingiza ndani kwake."

"Jana," mzee alisema.

"Si jana, Baba."

"Usukani ulikuwa wa baridi. Bado naihisi hapa." Aliifungua mikono yake akaitazama.

"Lakini mbona mara zote ulinikatalia? Ulisema hujagusa gari."

"Nilikukatalia kwa sababu sikukumbuka kuligusa." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Wewe ukasema ni mimi. Ukasema tena. Haider naye kwenye simu akasema ni mimi. Nikakaa nikafikiri, na nikifikiri nikakumbuka."

Otilia alijishughulisha na kuchomoa soketi, ili kiti kisitembee tena mpaka atakapolichukua gari, na hakuinua macho mpaka aliposikia mlango wa nyumba ukifungwa.

Kukitengeneza hakukuwa kugumu, sasa kwa kuwa alijua. Jumatatu alichomoa betri, akafungua bolti za kiti, akakitoa chote nje. Alikata ile soketi iliyooza, akaweka mpya waya kwa waya, akaifunga juu zaidi kwenye ubavu wa reli mahali maji yasipofika. Kwenye bomba la paa alivuta tonge la majani meusi ya mti wa maple, yameoza mpaka yamekuwa kama tope. Zulia alilianika mbele ya feni. Kisha akainua pua ya gari kwa jeki, akamwagia paa maji, akavuta stuli, akakaa kukitazama kiti. Hakikusogea. Aliendelea kukaa kupita ilivyohitajika, kwa sababu kiti hiki kilikwisha kumdanganya kwa kutulia.

Khatoon alikuja kulichukua pamoja na baba yake. Otilia alimpa mzee kiti karibu na hita, na wakati anarudisha vifuniko vya plastiki mahali pake, Khatoon alimpigia Haider. Simu ilikuwa na sauti kubwa, na gereji ni ndogo.

"Kwa hiyo Baba ni mzima?" Haider aliuliza.

"Hapana. Si mzima."

"Umesema ni kosa la gari."

"Ni kosa la gari. Na Baba ni mgonjwa. Ni mambo mawili, Haider, tuliyafanya moja."

"Sielewi. Sasa yule mama wa makao nimjibu nini?"

"Mwambie hatuichukui kwa sasa. Nimeomba daktari amwone tena wiki ijayo, na nataka uje uwepo. Uje umwone kwa macho yako, si kwenye simu."

"Na kama daktari akisema ni lazima?"

"Basi tutalia siku hiyo."

Haider alisema atatafuta tiketi. Hakuonekana ameridhika, wala Khatoon hakuonekana ameshinda. Alikata simu, akaenda akachutama mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, nilikuita mwongo."

"Lini?"

"Jikoni. Wiki ile."

Mzee alifikiri. "Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Hata ungenyamaza tu, ningekuwa nimeshasamehe." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Lakini nikuulize, Khatoon. Nikikumbuka kitu ambacho hakikutokea, nifanye nini? Kwangu mimi kimetokea."

"Niambie. Mimi nitakuambia kama ni kweli."

"Na wewe ukikosea? Kuhusu kiti ulikosea."

Otilia, bisibisi mkononi, aligundua kwamba naye anangoja jibu.

"Nilikosea," Khatoon alisema hatimaye. "Naweza kukosea tena. Lakini sitakufokea."

Mzee aliliwaza hilo. Kisha akatoa mkono ili ainuliwe, na Khatoon akamwinua. Otilia aliwafungulia mlango wa gari, mzee akaingia upande wa abiria, akavuta mkanda, akahangaika nao mpaka binti yake alipomfungia. Khatoon akazunguka akakaa kwenye usukani. Kiti kilikuwa kimebaki nyuma, pale Otilia alipokiacha alipokuwa akikijaribu, na miguu yake ilining'inia mbali na breki. Akabonyeza swichi. Mota ikavuma, kiti kikaenda mbele, akaachia, kikasimama.

Hakuondoka mara moja. Alikaa kidole kikiwa karibu na swichi, akisikiliza, na baba yake naye akasikiliza. Kisha Otilia akavuta mnyororo wa lango, baridi ikaingia, na gari likatoka taratibu kuelekea barabarani.